Kuvuka nchi kwa baiskeli na kikundi cha kulipia: gari safi, fundi noma, kasi ndo kasheshe

Wadau, swali ni kama safari hizi zinafaa kulipiwa, na natoa jibu kabisa hapa juu ili mwenye haraka asisumbuke kushuka mpaka chini. Hizi safari za kikundi za kuvuka nchi kwa baiskeli zinazouzwa kama kifurushi, gari la msaada, fundi, vyumba vimeshabukiwa, ramani unapewa, zinafaa, tena sana tu, ila ujue unalipia nini maana nimeona watu wanakodolea picha za hoteli na jezi ya bure wakati kinachoamua kama utaenjoi au utalia barabarani ni kasi ya msafara na nani ameishika. Nawapa nyota tatu na nusu kwa tano. Nusu ya kwanza ya safari ingepata tano kavu, nusu ya pili mbili, we piga hesabu mwenyewe. Jina la kampuni naliacha, wafanyao biashara hii ni wengi na haya mambo yanawahusu wote.

Kwa ambao hawajawahi, mfumo uko hivi. Mnaanzia ukingo mmoja wa nchi mnamalizia ukingo wa pili, kila siku mna kipande chenu, kwetu vingi vilikuwa kati ya kilomita 80 na 120, begi kubwa linapakiwa kwenye gari asubuhi unalikuta jioni mlangoni, we unabaki na kibegi cha chini ya siti chenye tyubu, vile vijiko vya kutolea tairi, alenki na koti la mvua. Gari linawangoja kila baada ya kilomita 30 au 40, kuna maji, kuna chakula, fundi anapita anakagua baiskeli. Ukichoka unapanda gari, hamna atakayekucheka, au watakucheka kidogo wakati wa kula ila yanaisha hapo hapo. Watu wetu walikuwa mchanganyiko, wazee wastaafu wenye miguu ya chuma, vijana wa ofisini, mama mmoja mwalimu ambaye alikuwa hajawahi kuvuka kilomita 60 kwa siku, na jamaa mmoja aliyenunua karibu kila kitu kipya mpaka viatu vya kunasa kwenye pedali na akavijaribu kwa mara ya kwanza siku ya kuondoka (alidondoka kwenye taa za kwanza tu, akiwa amesimama, si unajua tena).

Kabla sijaingia kwenye kasi, lalamiko la karatasi. Kwenye maelezo yao waliandika kilomita tu, hamna mahali wameandika mnapanda mita ngapi kwa siku, na hilo ni kosa kubwa kwa mtu anayeuza safari ya baiskeli. Kilomita 110 za tambarare zenye mita 400 za kupanda kwa jumla ni siku ya stori na vicheko, kilomita 80 zenye mita 1,600 ni siku ya kunyamaza. Na si suala la moyo, ni hesabu: mtu na baiskeli yake wakiwa jumla kilo 90, kupanda mita 1,000 kunataka kama kilojuli 880 za kazi tupu, na kwa kuwa mwili unapeleka kama robo tu ya nishati ya chakula kwenye pedali na zingine zinaishia kuwa joto, hapo umeshachoma karibu kilokalori 850 kwa ajili ya huo mlima peke yake, bado upepo, bado lami mbovu. Kwa hiyo ukipewa karatasi yenye kilomita tupu omba faili ya njia, ile ya GPX, uitupe mwenyewe kwenye programu za ramani kama Komoot au Ride with GPS, itakuonyesha milima yote kwa dakika moja. Sisi tulipewa hiyo faili usiku wa kuamkia safari. Usiku wa kuamkia! Sa nitafanya nini nayo zaidi ya kuogopa.

Baiskeli za kukodi. Hapa pana nusu nzuri na nusu ya kuudhi. Fremu safi, breki za diski za mafuta, tairi za milimita 38, na mi ni mtu wa tairi pana, presha yake ya upepo ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya tairi nyembamba za mashindano na mikono yako inashukuru kila ukikanyaga lami iliyopasuka, na tofauti ya mbio kwa msafiri wa kawaida huioni. Shida ni gia. Baiskeli za kukodi zilikuwa na gia za watu wa mashindano, mbele meno 34 kwenye ile gia ndogo, nyuma kubwa kabisa meno 28. Kwenye karatasi inasikika sawa ila ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, na hiyo tayari ni kuzungusha kwa uzito, unakuwa unaenda kama kilomita 9 kwa saa, sa kama mlima ni wa asilimia 8 au 9 na we mguu wako hauna hizo nguvu za kilomita 9 kwa saa basi unabaki unasaga, pedali inazunguka polepole, goti linabeba kila kitu. Nyuma wangeweka meno 34 ungeshuka mpaka kama 7 na nusu kwa mzunguko ule ule, na wangeweka 40 hata yule mama mwalimu angepanda akiimba. Ni kubadilisha kaseti (lile fungu la gia za meno za nyuma) na cheni na pengine kibadilisha gia cha nyuma, si kubadilisha baiskeli. Waliokuja na baiskeli zao walijipanga vizuri, waliokodi ndo waliotembea kwa miguu kwenye milima, na kampuni iliona hiyo kila siku na bado ikasema ni mazoezi tu.

Nyingine ndogo ila inachekesha: baiskeli zingine zilikuja na mdomo wa tyubu ule mwembamba wa Presta, zingine ule mnene wa gari, na pampu ndogo tulizogawiwa zilikuwa za aina moja tu. Ukipata pancha unaanza kuuliza nani ana pampu ya mdomo mnene. Kagua hilo kabla hujaondoka, ni sekunde tano.

Haya sasa kasi. Kiongozi wetu wa nusu ya kwanza alikuwa dada mmoja mkimya, si mwenye mbio kupita wote, na siku ya kwanza kuna vijana walianza kunung'unika kwamba tunaenda pole sana. Alichokuwa anafanya kiukweli kilikuwa kazi ya ufundi. Tambarare alikuwa anashika kati ya 20 na 22 kwa saa na haachii, mlimani anapunguza kabla watu hawajaanza kuachana, mteremkoni anaruhusu kila mtu ashuke kwa roho yake halafu anasubiri chini. Na nyuma kabisa alikuwepo mwenzake, kijana wa kampuni, kazi yake moja tu, kuwa wa mwisho. Hakuna anayebaki nyuma yake, ikitokea pancha anasimama na mwenye pancha, anapiga simu mbele, wote wanajua. Wawili tu hao, mbele na nyuma, na msafara mzima ulikuwa mtulivu.

Kwa nini ni muhimu hivo? Ni upepo jamani. Kwenye tambarare ukishavuka kama kilomita 20 kwa saa, hewa ndo inakula sehemu kubwa ya nguvu zako, na inakula kwa ubaya maana nguvu ya kuisukuma inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, ukiongeza kasi mara mbili hewa inataka nguvu mara nane. Anayekaa nyuma ya mwenzake karibu anaokoa sehemu nzuri ya hizo nguvu, kwa mwendo wa kama 30 inafika robo au theluthi. Maana yake mtu dhaifu akiwa ndani ya kundi anaweza kwenda kasi ambayo peke yake haiwezi kabisa, na siku anapoachwa mita 50 tu nyuma anapoteza msaada wote kwa mpigo na hapo hapo anatakiwa aongeze nguvu ili awafikie. Hawezi. Umbali unakua. Ndo maana kundi likikatika haliungi lenyewe, lazima wa mbele wapunguze.

Na hili halijagunduliwa jana. Henri Desgrange, huyo huyo aliyeanzisha mbio za Tour de France mwaka 1903, mwaka 1904 alianzisha Ufaransa ule mtindo wa Audax, watu wanaendesha umbali mrefu kwa kundi, kiongozi wa barabara yuko mbele na hakuna ruhusa ya kumpita, na mpaka leo wanaofuata mtindo huo wanashika wastani wa kilomita 22.5 kwa saa. Ishirini na mbili na nusu, si mbio hizo, ila unafika mbali nazo na mnafika wote. Mwaka 1921 klabu ya Audax Club Parisien ikaachana naye na kuanzisha mtindo wa kila mtu na mwendo wake, na hiyo ndo familia inayoandaa Paris-Brest-Paris ya kilomita 1,200 ambayo muda wake wa mwisho ni saa 90. Kwa hiyo njia ni mbili tangu zamani, ama mnaenda pamoja kwa kasi iliyoshikwa, ama kila mtu na lake na ajitegemee. Kinachoniudhi ni kampuni kukuuzia ya kwanza kisha ikakupa ya pili.

Maana ndo kilichotokea. Katikati ya safari wakabadilisha viongozi, yule dada akaondoka na kundi lingine, tukaletewa kaka mmoja mchangamfu sana, mcheshi, anapiga picha nzuri, na miguu yake si ya nchi hii. Asubuhi ya kwanza tu alitoka na 27 kwa saa, vijana wakafurahi, wakamfuata, na ndani ya nusu saa tukawa vipande vitatu. Na yule wa nyuma? Alihamishiwa kwenye gari kusaidia mizigo. Kundi la baiskeli ni mpira wa kuvuta, wa mbele akiongeza kidogo tu baada ya kona au juu ya kilima, wa nyuma ambaye bado yuko mlimani anavutika mara tatu ya hapo, na anavutwa hivo hivo siku nzima, kila kona, kila mataa, kila kilima.

Afu kuna kitu ambacho ukiwa mbele hukioni kabisa. Vituo vya kupumzika. Wa mbele wanafika, wanakula, wanajaza maji, wananyoosha miguu, wanapiga picha, dakika 25 hizo. Wa mwisho ndo anaingia, anashuka kwenye baiskeli, na kiongozi anapiga makofi, "haya jamani twende twende, miguu itapoa". Yaani mwenye uchovu kuliko wote ndo anayepumzika kidogo kuliko wote, anaondoka na chupa nusu na mkate mdomoni. Nilimwambia yule kaka mbele ya watu, kwa heshima, "kaka, muda wa kupumzika uhesabu kuanzia anapofika wa mwisho, sio unapofika we". Akacheka akasema sawa. Ikabadilika kwa siku moja, kesho yake yale yale.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujatoa hata senti: nani anashika kasi, ni kiasi gani tambarare, na je kuna mtu wa mkiani siku zote mwanzo mpaka mwisho. Wakikujibu "kila mtu anaenda kwa kasi anayoipenda" jua hapo unanunua hoteli na usafiri wa begi. Si vibaya, kuna watu wanataka hivo hivo na mi nawaelewa, ila bei isiwe ya safari yenye kiongozi.

Sasa nisifie maana wanastahili. Fundi. Huyu mzee peke yake angeweza kuniuzia safari nyingine. Siku moja ya mvua mama mwalimu alikatikiwa spoku ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, upande wa cheni, na ni kawaida iwe huko kwa sababu gurudumu la nyuma limevutwa upande ili gia zipate nafasi, basi spoku za kulia zimekazwa zaidi kuliko za kushoto, na zinapenda kukatika pale kwenye kona zinapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Ubaya ni kwamba huwezi kuingiza mpya mpaka utoe kaseti, ndo maana wengi wakikatikiwa hapo wanaiacha inapiga kelele mpaka mjini. Mzee akashuka kwenye gari na kikopo chake, akatoa gurudumu, akashika kaseti kwa kile kipande cha cheni chenye mpini, akazungusha kile kifunguo, nati ikalia tak, kaseti ikatoka nzima, spoku mpya akaipitisha huku anaipinda kidogo kidogo, akaiunga kwenye chuchu ile ile ya zamani, kile kinati kidogo cha kwenye rimu. Halafu akafunga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fremu, akaikata ikabaki ncha fupi inayokaribia kugusa rimu, akawa anazungusha gurudumu polepole, ncha ikikwaruza anajua hapo rimu imeenda upande, anageuza kifunguo robo mzunguko, anazungusha tena. Mvua inamchuruzika shingoni wala hana habari. Mama anamwambia "baba pole na mvua", anajibu "we kunywa chai mwanangu, ukimaliza na mimi nimemaliza". Na kweli. Gurudumu lile lilifika mwisho wa safari bila kuguswa tena.

Jioni pia alikuwa anapita na kile kipimo cha cheni. Wengi hawajui kwamba cheni haifi ghafla, inarefuka, pini na matundu zinamozunguka vinalika. Cheni mpya pingili zake 24 zinapima milimita 304.8, ikifika 306 na kidogo, yaani nusu asilimia, kwa baiskeli za gia 11 au 12 unabadilisha, ukiiacha inaanza kula meno ya kaseti na hapo bei inakuwa nyingine. Jamaa wa vitu vipya alibisha kwamba cheni yake inang'aa, haiwezi kuwa imeisha, maana alinunua baiskeli ya mkononi "karibu mpya". Mzee akamwekea kipimo kikazama chote. Hakusema kitu, akaenda kuchukua cheni nyingine.

Kwa hiyo gari na fundi, tano kwa tano. Dereva nampa tatu, kwa sababu kwenye ile nusu ya pili alianza tabia ya kutangulia mpaka hotelini kushusha mizigo wakati watu bado wako barabarani, na gari la msaada likiwa mbele yako kilomita 40 si la msaada, ni la mizigo. Tena jua likiwa kali. Nyuma ya wa mwisho ndo mahali pake, au angalau kati, na kama mizigo ni mingi waweke magari mawili.

Chakula cha njiani kilikuwa kizuri na cha kutosha, hapa sina kesi. Walielewa kwamba mtu anayeendesha saa sita anatakiwa ale kabla njaa haijaja, wanga kama gramu 30 mpaka 60 kila saa kwa sisi wa kawaida, na kila kituo kulikuwa na vitu vya chumvi sio sukari tupu. Maji wengi wanakosea upande wa kuzidisha, mtu anatoka jasho siku nzima anajaza maji matupu lita kwa lita, chumvi ya damu inashuka, anaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu anadhani ni jua, anakunywa tena maji, na hiyo ikizidi ni hatari ya kweli ya kulazwa. Yule dada kiongozi alikuwa anagawa vile vipakti vya chumvi na sukari asubuhi mkononi kwa mkono, mmoja mmoja, na anasimama mpaka akuone umetia kwenye chupa.

Mwili. Kampuni haiwezi kukuendeshea ila inaweza kukuambia mapema, na hawakusema lolote kwenye maandalizi, kwa hiyo mi nasema. Bukta yenye sponji haivaliwi na chupi ndani. Haivaliwi. Mshono wa chupi ndo unaokuchuna, na kwenye safari ya siku moja utavumilia, kwenye safari ya siku mfululizo kidonda cha kwanza hakipati muda wa kupona. Beba bukta tatu, fua jioni, paka mafuta ya kuzuia msuguano. Na ukiona kidole kidogo na cha pete vinafanya ganzi usijifanye shujaa, kuna neva inapita chini ya kiganja upande huo na umeilalia na usukani kwa masaa, inua usukani kidogo, badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache, na mara nyingi tatizo halisi ni siti iliyoinamia mbele inakusukumia uzito wote mikononi. Siti yenyewe ikiwa juu sana nyonga zinacheza kulia kushoto, ikiwa chini sana goti linalia mbele. Pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limepinda kidogo, basi. Siku ya kukabidhiwa baiskeli tulipewa dakika kumi kwa watu wote kurekebisha siti, na mstari ulikuwa mrefu, wengi wakaondoka na siti ya mtu mwingine.

Vyumba vilikuwa sawa. Maji ya moto yalikuwepo karibu kote, mahali pa kufungia baiskeli palikuwepo, kulala wawili wawili, ukitaka peke yako unaongeza hela. Tuendelee.

Kuna watakaosema kwa nini ulipe, si ubebe mizigo yako uende na washikaji. Ni kweli inawezekana, na ina raha yake, ila tuseme ukweli wote. Mabegi ya karia, hema, jiko na nguo ni rahisi kufika kilo 15 au 20, tambarare huzihisi sana ila mlimani utazihesabu moja moja, na utahitaji tairi ngumu za safari, kama zile Schwalbe Marathon Plus zenye tabaka la milimita 5 la mpira dhidi ya miiba, ambazo hazipati pancha kirahisi ila ni nzito na kuzivaa kwenye rimu ni mieleka. Na bado kiongozi mtahitaji. Marekani mwaka 1976, ile miaka mia mbili ya uhuru wao, waliandaa Bikecentennial, watu zaidi ya 4,000 wakaendesha kwenye njia iliyochorwa kutoka Oregon mpaka Virginia, kama kilomita 6,800, na wengi walienda kwa vikundi vidogo vyenye kiongozi, mizigo yao wenyewe. Njia ile bado inatumika mpaka leo. Hamna gari la hoteli pale, ila kulikuwa na mtu wa kuliweka kundi pamoja, na hapo ndo narudi pale pale kila nikifikiria hizi hela, kwamba gari unaweza kulikosa, hoteli unaweza kuzikosa, kiongozi mwenye akili ya kundi huwezi kumkosa.

Nitaenda nao tena? Nitaenda kama wataniandikia kwamba kiongozi ni mmoja mwanzo mwisho, mtu wa mkiani yupo, na mita za kupanda za kila siku nazipata mwezi mmoja kabla. Niliwapelekea haya kwa maandishi, wakajibu haraka na kwa adabu, wakasema la faili ya njia watalirekebisha, la kaseti wataangalia, la viongozi hawakuligusa.

Na kama una magoti mabovu na unawaza baiskeli ya umeme, kikundini walikuwepo wawili nazo na zilifaa sana, mlimani walikuwa wanatupita wanatupungia. Ila usije na ya kwako kwa ndege, betri ya zaidi ya saa-wati 160 hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, na za baiskeli nyingi ziko 400 kwenda juu, kodi huko huko na uulize kama betri ya akiba inakaa kwenye gari, maana kwenye siku ya mita 1,600 betri moja haikufika jioni, na baiskeli ya umeme isiyo na umeme ina kilo zaidi ya 20.